Somo: Kupogoa nodi ya Bitcoin isikumalizie diski

Wakuu habari za mchana. Wiki hii nimeulizwa mara tatu jinsi ya kuendesha nodi ya Bitcoin (kompyuta inayojikagulia miamala yenyewe kwa programu ya Bitcoin Core) bila kujaza diski, bora niandike mara moja yaishe.

Blokicheni ya Bitcoin, yaani kumbukumbu ya miamala yote toka mwanzo, imeshapita GB 600 na kila dakika kumi hivi inazaliwa bloku nyingine, yaani fungu jipya la miamala. Laptopu zetu nyingi ni GB 256, humohumo kuna Windows, kuna muvi, kuna kazi za wateja. Mimi nilijifanya mjanja, nikaingia kwenye folda ya blocks nikafuta kwa mkono mafaili ya blk00000.dat na wenzake, kila moja kama MB 128, nikaona nafasi inarudi nikafurahi kama mtoto siku ya Idi. Kuwasha programu, imegoma! Inataka kujenga kila kitu upya, ikabidi nianze kushusha toka bloku ya tarehe 3 Januari 2009, na bando likakata hata mwaka 2014 sijaufikia. Usiguse yale mafaili kwa mkono.

Dawa ni kupogoa. Bitcoin Core wanayo toka toleo 0.11 la mwaka 2015. Nodi inashusha kila bloku, inaikagua yenyewe, halafu za zamani inazitupa inabaki na za karibuni. Kisichoguswa ni chainstate, daftari la sarafu ambazo hazijatumika, maana hapo ndo inajua huyu anayelipa anazo kweli au anatupiga. Satoshi mwenyewe, aliyebuni Bitcoin, aliongelea kuokoa diski kwenye karatasi yake ya 2008, ila yeye alifikiria kukata miamala iliyokwisha ndani ya bloku, sio kutupa bloku nzima.

Hatua ya 1. Bekapu kwanza. Funga programu, kopi folda ya wallets weka kwenye flashi. Hii usiruke hata kama waleti yako (pochi ya sarafu) ina senti mbili.

Hatua ya 2. Iwashe tena, nenda Settings, Options, bonyeza Open Configuration File. Inafunguka faili ya bitcoin.conf, mara nyingi iko tupu, usishtuke. Andika mstari huu mmoja:

prune=5000

Hiyo namba ni MB. Ya chini kabisa ni 550, ukiweka 300 haiwaki. Na ukikuta txindex=1 (inayotunza faharasa ya miamala yote) mle ndani itoe, hivyo viwili haviivi chungu kimoja.

Hatua ya 3. Sevu, kisha File, Exit. Kitatokea kidirisha kidogo kinasema inazimika, kiache kiondoke CHENYEWE hata kikikaa dakika tano. Wengi wanaharibu hapa, mtu anaona kimya anafunika laptopu anaondoka.

Hatua ya 4. Washa. Acha folda ya blocks wazi pembeni uangalie, blk za mwanzo zinapotea pamoja na pacha zake za rev, raha sana. Ila chainstate peke yake ni kama GB 11 na ushee, kwa hiyo hata ukiweka 550 usitegemee nusu GB.

Hatua ya 5. Nenda Window, Console, andika getblockchaininfo. Ukiona "pruned": true umemaliza. Pruneheight ndo inakwambia bloku zako zinaanzia namba ngapi.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu, hii inaokoa na bando?
Jibu: Haiokoi. Mara ya kwanza lazima ushushe zote, hizo GB zaidi ya 600, ndo unazitupa huku unaendelea. Ukishamaliza weka blocksonly=1, matumizi ya kila siku yanashuka maana haipokei tena miamala inayozagaa nje ya bloku.

Mdau: Sasa si inakuwa nodi nusu?
Jibu: Kwenye kukagua ni nodi kamili, haimwamini mtu. Kinachopungua ni msaada wako kwa wenzio, mgeni akitaka bloku za zamani wewe huna, unampa 288 za mwisho tu, kama siku mbili hivi.

Mdau: Nina waleti yangu ya 2017 kwenye flashi nataka niifungue humo.
Jibu: Itagoma kaka, itakwambia inahitaji bloku zilizokwisha pogolewa. Kama shida yako ni kujua salio tu, kuna amri ya scantxoutset, inasoma lile daftari la sarafu, haihitaji bloku. Historia ya miamala ndo hutoipata.

Mdau: Huku kwetu umeme unakata bila hodi, itakuwaje?
Jibu: Hapo ndo pabaya. Daftari likiharibika nodi isiyopogolewa inajijenga upya kwa bloku ilizonazo, iliyopogolewa inashusha yote toka mwanzo. Kwenye desktopu bila UPS (betri ya akiba) mimi nisingethubutu. Laptopu angalau ina betri, kama bado inakaa.

Mdau: Nikibadili mawazo je?
Jibu: Unatoa ule mstari halafu unashusha upya zote. Kama una diski ya nje ya TB 1 usipogoe kabisa, tumia blocksdir= uzielekeze bloku kule, chainstate ibaki kwenye SSD. Ila waya wa hiyo diski usichomoe programu ikiwa inawaka, nakujua.