Somo: Kupanga mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji kwenye joto letu la Dar

Wakuu, habari za leo. Kabla hujatoa hata shilingi, shika jambo moja: maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba chako. Rejeta inachukua joto la maji na kulitupa kwenye hewa, basi. Chumba cha Tabata chenye bati na feni ya juu tu, mwezi wa pili saa nane mchana kinaweza kufika nyuzi 33. Mashine ikiwa kazini, maji yatakuwa 43 hivi, na hapo mfumo wako ni mzima kabisa. Wale mnaowaona kwenye video maji yao yako 30, chumba chao kina 20. Ndiyo maana sisi tunaanza na rejeta, mengine yanafuata.

Hatua ya 1: Hesabu ya joto
Jumlisha wati za prosesa na kadi ya grafiki. Mfano 125 na 300, jumla 425. Mimi naweka feni moja ya milimita 120 kwa kila wati 100, halafu nasogeza juu hadi feni nzima. Hapo ni feni tano: rejeta moja ya 360 (feni tatu) na moja ya 240 (feni mbili).

Hatua ya 2: Pima kesi (boksi la kompyuta)
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rejeta ya 360 ina urefu wa karibu milimita 400 kwa sababu ya vichwa vyake vya maji vya mwishoni, na unene wake ukijumlisha na feni ni milimita 55 kwenda juu. Chukua boksi la kadibodi, kata vipande vya vipimo hivyo, viweke ndani ya kesi na ufunge mlango. Kama kadibodi inagusa RAM, rejeta nayo itagusa.

Hatua ya 3: Usichanganye metali
Naomba mnisikilize sana hapa. Mfumo wangu wa kwanza niliuziwa rejeta ya bei nafuu, nikaambiwa ni ya shaba. Ilikuwa alumini, na bloku ya prosesa (kile kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu, maji yanapita ndani yake kuchukua joto) ilikuwa shaba. Baada ya miezi kadhaa joto likaanza kupanda. Nilipofungua bloku, yale meno yake membamba kama ya kitana yalikuwa yamezibwa na ujiuji wa kijivu. Nilisugua kwa mswaki na siki usiku kucha. Bloku ilipona, rejeta niliitupa. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji, alumini inaliwa. Rejeta ya shaba ni nzito. Ipime mkononi kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Chora mzunguko
Tangi likae juu ya mdomo wa pampu ili pampu isinyonye hewa. Mpangilio wa vingine usikusumbue: maji yakipita lita 4 kwa dakika, wati 400 zinayapandisha nyuzi moja na nusu tu. Fuata njia fupi. Kila kifaa kina matundu mawili, hivyo bloku mbili, rejeta mbili na pampu yenye tangi ni fitingi 10 (viungio vya kushikia mpira). Ongeza mbili za akiba, na valvu ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa. Kwa anayeanza, chukua bomba la mpira laini. Pima urefu kwa kamba.

Hatua ya 5: Kujaza na kupima uvujaji
Washa pampu peke yake, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) isipate umeme. Usiiache izunguke kavu hata kidogo: jaza tangi, washa sekunde chache, zima, ongeza. Zungushia tishu kila fitingi, acha saa 24. Mimi nilikuta doa dogo kama sarafu chini ya fitingi moja. Ilihitaji robo mzunguko tu. Kaza kwa mkono, spana inakata oringi (kile kipete cha mpira kinachoziba maji).

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Mkuu, maji ya kunywa ya chupa yanafaa?
Hapana kaka, yana madini. Ya kisima ndiyo kabisa, angalia ukoko mweupe kwenye birika lako. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled) pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Yale ya betri ya kituo cha mafuta, soma chupa vizuri: mengine ni asidi.

Dada wa Kigamboni: Umeme ukikatika ghafla itakuwaje?
Pampu na prosesa vinazima pamoja, hakuna shida. Hatari ni pampu kufa peke yake. Chomeka waya wake unaotoa taarifa ya kasi kwenye mazabodi, uwashe tahadhari kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe). Na kwa kuwa uko karibu na bahari, puliza vumbi litoke kwenye rejeta kila mwezi, likichanganyika na chumvi linaganda.

Mdau wa Sinza: Nikitumbukiza barafu kwenye tangi?
Usijaribu mdogo wangu. Kwa unyevu wa hapa, maji yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, bloku na mipira vitatoa jasho kama chupa ya soda mezani, na jasho hilo litadondokea kwenye kadi yako.