Usiwaambie "Njooni Tusaidiane": ninavyowapata na kuwatunza wanaojitolea mtaani

Mimi ni fundi cherehani, Chang'ombe, Dodoma. Kila Jumamosi saa tatu mpaka saa sita tunakaa na vijana wa mtaa kwenye madarasa mawili ya kuazima: hesabu kwa wa sekondari, cherehani kwa waliomaliza la saba wakabaki nyumbani, mpira kwa wote. Nimepoteza watu wa kujitolea wengi kuliko nilionao, kwa hiyo haya ninayosema nimeyalipia.

Mwaka wa kwanza nilibandika tangazo: "Tunahitaji watu wa kujitolea, njooni tusaidiane." Walikuja kumi na wanne. Jumamosi ya tatu walibaki watatu. Nikawa nalaumu vijana wa siku hizi, mpaka binti mmoja aliponipasulia: "Mama, nimekuja mara mbili nimekalia benchi. Si bora ningebaki nifue?" Kweli. Kazi ya kumpa sikuwa nayo, nilikuwa na shida zangu tu.

Siku hizi kabla sijamwita mtu naandika kazi yenyewe kwenye daftari: "Sehemu na desimali, vijana kumi, Jumamosi sita." Akijua inaishia wapi, anakubali. Ukimwambia aje kadiri atakavyopata nafasi, hatapata nafasi. Na wengi wakimaliza hizo sita huomba nyingine wenyewe.

Halafu namfuata mtu kwa jina lake. Vyuo tunavyo: UDOM, St. John's, Mipango, CBE. Mwanafunzi ana nguvu, ila muulize ratiba ya mitihani siku ya kwanza. Wapo pia watumishi wa serikali waliohamia huku tangu 2016, baadhi yao familia zikabaki Dar. Niliwategemea sana wikendi, ikaja treni ya SGR mwaka 2024. Ijumaa jioni hao, wameondoka! Sasa nawapa kazi ya Jumatano baada ya ofisi: kuwasomea vijana barua zao za kuomba kazi na kuzirekebisha. Na usiwaruke majirani. Fundi baiskeli wa barabara ya pili hakumaliza sekondari, na ndiye asiyekosa. Mvua za Desemba zikianza tu, namwacha akalime uwele wake.

Nauli naitoa, posho sitoi. Posho ukishaizoesha, siku isipokuwepo na watu hawapo. Lakini mtu aliyepanda daladala kutoka Nzuguni asirudi nyumbani akiwa amepungukiwa kwa sababu yako. Anasaini, anapewa, kabla hajavuka geti. Ile "tutakutumia kwenye simu" ilinigharimu walimu wawili wazuri.

Kwenye usalama wa watoto sina mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wengi wa vijana wetu wamo humo. Kila anayejitolea, awe nani, analeta barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi na majina ya wadhamini wawili. Nawapigia, tena kwa maswali. Mwezi wa kwanza haachiwi darasa peke yake. Hakuna kufunga mlango na mtoto ndani, hakuna kumpakia kwenye pikipiki kumrudisha kwao, hakuna kumtumia meseji usiku. Namba 116 ya kusaidia watoto iko ukutani, kwa maandishi makubwa. Alikuja bwana mmoja, msomi, maneno matamu, nikamwomba barua akafura: "Yaani huniamini?" Nikamwonyesha yangu kwenye faili. Hakurudi, na sikumfuata.

Kuwatunza hakuhitaji makubwa. Tunakunywa chai na maandazi pamoja, kisha kabla ya kutawanyika namuuliza kila mmoja: "Leo nini kimekushinda?" Usiulize kama kuna tatizo, utajibiwa "hamna, mama" na wiki ijayo humwoni. Kwa swali hilo nilijua kuwa kijana wa chuo alikuwa anazomewa na wavulana wa kidato cha pili tangu wiki ya kwanza, naye anaona aibu kusema. Nikamweka pamoja na fundi baiskeli. Kelele ziliisha siku hiyohiyo.

Akimaliza zamu yake nampa barua: alifundisha nini, Jumamosi ngapi, vijana wangapi. Nahesabu kutoka daftari la mahudhurio, sikisii, kwa sababu matangazo ya kazi yanataka uzoefu na huyu anao. Nikimkabidhi namwomba jina moja la mtu wa kushika nafasi yake. Mwalimu wangu wa hesabu wa sasa aliletwa na dada aliyehamia Singida. Alifika Jumamosi ya kwanza na daftari la mwenzake kwapani, limeandikwa mpaka jina la mtoto anayekaa dirishani na hapendi kuulizwa mbele za watu.