Kijana akilalamika kichwa na macho, muulize kinauma saa ngapi

Wazazi wenzangu, kijana akisema kichwa kinauma na haoni vizuri, wengi wetu tunailaumu simu, kisha tunampa panadoli. Mara nyingi kweli ni usingizi mchache, njaa, au anahitaji miwani. Ila muulizeni kinauma saa ngapi. Maumivu yanayomwamsha usiku au kuwa makali alfajiri, yakizidi akilala, akiinama au akikohoa, tena na kutapika, si ya kusubiri. Huenda shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Vilevile akiona vitu viwili viwili, macho yakiingia giza kwa sekunde chache anapoinama au kuinuka, au akianza kuyumba anapotembea. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Na msiishie duka la miwani! Ombeni daktari atazame nyuma ya jicho, pale mshipa wa fahamu unapoingilia. Ukiwa umevimba, kipimo cha picha ya kichwa hakicheleweshwi. Mtajieni daktari kila dawa anayotumia kijana, hata za chunusi. Doksisaiklini na ndugu zake wa jamii ya tetrasaiklini zinaweza kupandisha shinikizo hilo, na wazazi wengi hawajawahi kuambiwa.

Homa na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja, au maumivu makali ya ghafla: ni dharura, hata usiku wa manane.

Maumivu yasipokuwa na dalili hizo lakini yanajirudia, andikeni tarehe, saa na dawa aliyomeza. Dawa za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa.