Gari la porini: umeme au dizeli? Anza na mahali linapolala

Kila masika, kambi nyingi zikiwa zimefungwa na magari yamejazana gereji, swali ni lile lile: "Fundi, hili nilifanyie oveholi au nitoe injini niweke umeme?" Nimeshika spana Arusha miaka ishirini na kitu, na miaka ya karibuni nimefungua magari ya aina zote mbili. Jibu langu huwaudhi watu kwa sababu nalo ni swali: gari lako linalala wapi?

Hapa nazungumzia Toyota Land Cruiser za familia ya 70, maana ndizo zinazobeba utalii wetu. Nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya cc 4,164, silinda sita, haina tabo wala kompyuta. Fundi wa Mto wa Mbu anaijua kama kiganja chake. Ukiamua kuitoa, ujue unaachana na nini.

Hatua ya 1: Lifuate gari wiki mbili na daftari

Andika kilomita za asubuhi, za jioni, mahali lilipolala, na saa lilizoegeshwa mchana. Usimuulize dereva kwa kumbukumbu. Dereva akikwambia "kama themanini hivi," daftari litasema mia na kumi.

Utaona magari yako yana maisha ya aina mbili. Kuna gari la mzunguko: Arusha, Tarangire, Ngorongoro, Seronera ndani ya Serengeti, kisha kurudi. Arusha hadi Seronera peke yake ni zaidi ya kilomita 300, na kila usiku linalala kwa mwenyeji mwingine. Hilo liache na dizeli yake, na kama magari yako yote ni ya namna hiyo unaweza kuishia kusoma hapa.

La pili ni gari la kambi. Linatoka saa kumi na mbili asubuhi, linarudi saa tano wageni wakale, linatoka tena saa kumi jioni na kurudi kabla ya giza. Tazama pengo la katikati. Kuanzia saa tano hadi saa kumi ndipo jua linapochoma paneli vizuri kuliko wakati wowote, na gari limesimama tu chini ya mgunga. Ila wageni wa kubeba chakula na kushinda porini kutwa wanakuvurugia mpango huu, kwa hiyo hesabu ni siku ngapi kwa wiki wanafanya hivyo.

Hatua ya 2: Badilisha kilomita ziwe uniti

Uniti ni ile ile ya kwenye luku, yaani kilowati-saa moja. Kwa Land Cruiser iliyobadilishwa, mimi hupangia uniti 0.4 kwa kila kilomita ya mwendo wa kutazama wanyama. Betri ya uniti 60, ukiacha akiba ya asilimia 20, inakupa uniti 48, yaani kilomita 120. Msimu wa tope punguza theluthi nzima. Udongo mweusi ukishanata kwenye tairi, gari linafanya kazi maradufu kwa mwendo wa konokono, na hapo hakuna betri wala injini inayoonewa huruma.

Hatua ya 3: Umeme unatoka wapi?

Paneli za kilowati 10, zikipata jua zuri kwa muda wa saa tano kwa siku, zinakupa uniti 50 kwenye karatasi. Baada ya joto, vumbi na inveta, panga 40. Hiyo ni gari moja, tena kabla jiko na friji za kambi hazijaomba sehemu yao.

Kambi inayochaji kwa jenereta ndiyo inayonikera. Jenereta la kawaida linatoa takriban uniti 3 kwa lita ya dizeli. Toa kinachopotea kwenye chaja, gari litakwenda kama kilomita 6.7 kwa lita hiyo. Sasa Land Cruiser ya dizeli inayokula lita 15 kwa kilomita 100 inakwenda kilomita ngapi kwa lita? Hizo hizo 6.7. Umetoa injini chini ya boneti ukaenda kuiweka nyuma ya jiko.

Hatua ya 4: Pesa

Chukua gari la kilomita 80 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, linalochaji mjini kwa TANESCO. Dizeli lita 12; tuweke shilingi 2,800 kwa lita kwa mfano (EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, weka ya mwezi wako). Ni 33,600 kwa siku. Umeme, pamoja na upotevu, ni uniti 35 kwa shilingi 356 kila moja, yaani kama 12,500. Unaokoa 21,100 kwa siku, milioni 4.2 kwa mwaka. Kama kulibadilisha gari kumekugharimu milioni 100, utangoja zaidi ya miaka ishirini kurudisha pesa kwa mafuta peke yake. Anayekuambia vinginevyo anauza kitu.

Sasa lipeleke gari kambini ndani kabisa: kilomita 120, siku 300, dizeli inaletwa kwa mapipa na inafika ikiwa 3,300, na paneli tayari zipo. Lita 18 kwa siku ni 59,400, karibu milioni 17.8 kwa mwaka ambazo huzichomi tena. Hapo miaka ni sita hivi, na bado hatujagusa oili, filta, nozeli na klachi. Ukilazimika kuongeza paneli, ongeza miaka pia.

Hatua ya 5: Milima na maji

Hapa ndipo nimejifunza mengi, mengine kwa aibu.

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya bahari, na sakafu iko chini yake kwa mita 600 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana 1HZ inapandisha barabara ya Lerai ikilia. Mota haijali hewa nyepesi. Lakini kuinua gari la tani tatu na nusu mita 600 kunataka karibu uniti 6, kabla hujahesabu msuguano wala tope. Ziweke pembeni asubuhi, usije ukazikumbuka jioni ukiwa chini.

Kushuka ni raha: mota inageuka jenereta, inashika gari na kurudishia betri kiasi. Ila betri ikiwa imejaa haipokei. Niliwahi kuitwa Seneto, barabara ya kushukia kreta, kutazama gari ambalo lilichajiwa usiku kucha hadi mia kwa mia pale ukingoni. Lilishuka kwa breki za mguu peke yake, na lilipofika chini padi zilikuwa zinanuka hadi wageni wanaulizana. Aliyepanga muda wa chaja nilikuwa mimi. Anayelala ukingoni achaji hadi asilimia 85 na aache nafasi.

Jingine ni breki zenyewe. Injini ikitolewa, pampu ya vakyumu inayosaidia breki na ile ya usukani, zote zinazoendeshwa nayo, zinaondoka pia. Muulize anayekubadilishia gari: umeweka za umeme? Ya akiba iko wapi? Akianza kukuna kichwa, chukua funguo zako.

Maji yanaogopwa kuliko inavyostahili. Sanduku la betri lenye alama ya IP67 limejaribiwa kuzama mita moja kwa nusu saa. Kagua mipira ya kuziba baada ya kila msimu, na mwosha magari asielekeze mashine ya presha kwenye viunganishi.

Hatua ya 6: Nani atalifungua likiharibika?

Nyaya za rangi ya chungwa zina mamia ya volti. Kama huna mtu aliyefundishwa kuzizima na kusubiri kabla ya kugusa, bado hujawa tayari kulinunua.

Maswali ya wanachama

*Dereva mwongozaji, Seronera: Shikamoo fundi. Wageni wanasema wanyama hawakimbii gari la umeme. Ni kweli?*

Marahaba. Simba wa Seronera wamezoea injini tangu wakiwa watoto, hawakimbii lolote. Kinachobadilika ni masikio yako: unasikia nyani akibweka kwa hofu na swala akipiga chafya, unajua chui yuko upande gani. Na kamera haitikisiki. Ila tembo usimtokee kimya kimya kwa nyuma. Simama mbali, akuone kwanza.

*Mwenye kambi ndogo, upande wa Mara: Nina Land Cruiser kuukuu, injini imekufa, chasi ina kutu kidogo. Si ndiyo ya kubadilisha?*

Hiyo "kidogo" yako ndugu yangu, piga nyundo uone. Betri itaishi mizunguko elfu mbili na zaidi ya kuchaji. Usiifunge kwenye chasi itakayokatika kabla yake. Kenya kuna uzoefu wa kazi hii: Opibus walianza Nairobi mwaka 2017 na magari ya namna hii, kabla ya kujiita Roam mwaka 2022 na kujulikana zaidi kwa pikipiki na mabasi. Omba kuliendesha gari lililobadilishwa angalau misimu miwili iliyopita, siyo lile la maonyesho.

*Msimamizi wa shamba la kahawa, Karatu: Sisi tunataka kigari kidogo cha shamba, cha kubeba mbolea na vibarua. Petroli au umeme?*

Shamba ndilo mahali pa umeme kuliko hata mbuga: mwendo mfupi, unasimama kila baada ya miti kumi, na jioni unarudi palepale. Tazama aina ya betri. John Deere Gator TE ina betri nane za risasi za volti 6, jumla 48. Zinaongezwa maji, na ukizoea kuzimaliza zaidi ya nusu zinakufa mapema. Polaris Ranger XP Kinetic ni ya lithiamu, uniti 14.9 au 29.8, na kiwanda kinataja hadi kilomita 72 na 129. Kwenye miteremko yenu na trela nyuma, panga nusu ya hizo. Vipuri ndiyo shida. Kama hakuna anayeviagiza karibu yako, chukua ya petroli.

*Fundi kijana, Moshi: Bro, nimepata betri ya Nissan Leaf ya mtumba kwa bei nzuri. Inafaa kwa Cruiser?*

Leaf za mwanzo ni uniti 24 zikiwa mpya, na hazipozwi kwa maji, hivyo joto huzila. Ikiwa imebaki asilimia 70 una kama uniti 17, yaani kilomita 40 hadi izimike kabisa. Kwa Cruiser hapana. Lakini ukipata tatu au nne zilizopimwa, zifunge ukutani kambini zihifadhi umeme wa jua la mchana kwa ajili ya kuchaji usiku. Muuzaji akupimie hali ya kila seli ukiwa umesimama pale pale. Picha ya WhatsApp usiikubali.