Kubadilisha filtri ya hewa kwenye basi dogo lenye injini chini ya kiti

Katika mabasi madogo ya Toyota HiAce ya umbo lililoanza kutoka mwaka 2004, injini iko chini ya viti vya mbele, na chujio la hewa, ambalo hapa Goma kila mtu huliita filtri, limefichwa hukohuko. Kwa kuwa haionekani, filtri husahauliwa: mafuta ya injini hubadilishwa kwa wakati, matairi hutazamwa kila asubuhi, lakini yenyewe hubaki palepale mpaka gari litoe moshi mweusi kwenye mwinuko mdogo tu.

Vumbi letu nalo lina ukali wake. Mji huu umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, na ile ya Januari 2002 ilipita katikati yake. Lava inaposagwa na magurudumu hutoa chembe nyeusi zenye ncha, ambazo zikiingia katika silinda hukwaruza kuta zake na pete za pistoni kama msasa. Kwa hiyo kazi ninayoieleza si ngumu kwa mikono; ugumu wake ni kuhakikisha kwamba vumbi lililotulia juu ya sanduku la filtri halimwagikii upande safi, ule unaoelekea injini, wakati umelifungua.

Kwanza filtri mpya. Usidanganywe na uzuri wa boksi. Iweke kando ya ile ya zamani, ulinganishe urefu, upana na kimo, kisha ubonyeze mpira wa ukingoni kwa ukucha: mpira mzuri hurudi mahali pake, mbaya hubaki na alama. Iinue juani uone kama mikunjo ya karatasi imepangwa sawasawa. Tayarisha pia bisibisi, ufunguo wa namba 10, tochi, kioo kidogo cha kujitazamia, brashi mpya ya rangi, na vitambaa viwili, kimoja kikavu na kingine chenye unyevu.

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe, kwa bahati nzuri, halitafutwi Goma. Zima injini, tia ufunguo wa gari mfukoni mwako, na usubiri karibu saa nzima, maana joto la chini ya kiti huunguza mkono kabla hujaona kinachokuunguza. Fagia zulia la mbele kwanza, kwa sababu viatu vya abiria vimeleta nusu ya barabara humo. Kisha fungua vibano vya kiti cha abiria, ukiinamishe nyuma, na ukifunge kwa kamba ili kisikuangukie kichwani.

Ukiona mabomba mengi na hujui sanduku ni lipi, fuata bomba nene la mpira linalopeleka hewa kwenye injini: litakufikisha kwenye kifuniko. Kabla ya kugusa klipu yoyote, piga brashi, halafu pangusa kifuniko chote kwa kitambaa chenye unyevu mpaka kitambaa kitoke safi. Kama kuna plagi ya kihisi cha hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, bonyeza ulimi wake na uitoe kwa kushika plagi yenyewe, kamwe usivute nyaya. Klipu za mbele hufunguka kwa urahisi; ile ya nyuma ndiyo inayochosha watu, na hapo ndipo kioo na tochi vinapohitajika.

Inua filtri ya zamani polepole, bila kuitikisa. Ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kikavu, tena chenye rangi kali ili usije ukakisahau, kisha safisha sanduku. Ondoa kitambaa, laza filtri mpya, na uzungushe kidole kwenye mpira pande zote nne kabla ya kufunga klipu zinazotazamana.

Mwaka mmoja niliiachia garaji kazi hii, na fundi akairuka klipu ya nyuma. Baada ya miezi michache gari lilianza kunywa mafuta ya injini. Nilipofungua, nilikuta mstari mweusi wa vumbi, mwembamba kama uzi, umetoka kwenye kona ile na kuingia moja kwa moja katika bomba. Tangu siku hiyo naifunga mwenyewe.

Maswali niliyoulizwa

Mama mwenye magari mawili ya abiria, Katindo: Je, siwezi kupuliza filtri kwa kompresa badala ya kununua?

Jibu: Unaweza kwa dharura, Mama, lakini kwa upepo mdogo, kutoka upande safi kuelekea upande mchafu, na mdomo wa kompresa ukiwa mbali na karatasi. Kisha iangaze kwa tochi gizani: ukiona nukta moja ya mwanga, itupe. Kuiosha kwa maji au kuipigiza ukutani ni kuiharibu.

Dereva wa Majengo: Tuhesabu kilomita ngapi?

Jibu: Kaka, kitabu cha gari hutoa muda mfupi zaidi kwa barabara za vumbi, nawe ufuate huo. Mimi kuanzia Juni hadi Agosti hufungua kila wiki mbili, kwa sababu gari linalofuata malori kuelekea mji wa Sake hula vumbi jingi kwa kilomita chache.

Kijana anayejifunza udereva: Filtri imeziba na pesa sina. Naweza kutembea bila filtri kwa siku chache?

Jibu: Hapana, mwanangu, hata siku moja. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yetu ni nyepesi na injini tayari imepungukiwa nguvu. Ukiondoa filtri utapata pumzi kidogo, na utailipa kwa pistoni.

Dereva wa Himbi: Nimebadilisha jana, leo taa ya injini imewaka.

Jibu: Rudi chini ya kiti, kaka. Sukuma plagi ya kihisi mpaka usikie ikilia, kisha ukaze pete inayobana bomba nene la hewa.