Saa isiyosogezeka: ninavyompangia kila fundi ratiba yake karakanani

Fundi wangu bora wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, aliondoka kwa sababu ya nusu saa. Alikuwa akitoka Chanika, mtoto wake ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, akaniomba awe anaingia saa 2 na nusu badala ya saa 2 kamili asubuhi. Nikamjibu kwamba nikimruhusu yeye, kesho wataomba wote. Alivumilia wiki tatu, akaaga kwa heshima zote. Mimi nikabaki mwezi mzima natafuta mtu wa kuishika ile mashine, huku sare za shule moja zikichelewa na mwalimu mkuu akinipigia simu kila jioni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile nusu saa ningeweza kuipata jioni. Sikuwahi hata kuuliza.

Karakana yetu iko Manzese, hapa Dar es Salaam. Tuko 14, tunashona sare za shule na mashati ya kazi. Ninachoeleza hapa nimekijaribu kwa watu hao, na naamini kitamfaa yeyote mwenye saluni, mgahawa, stoo au duka ambalo mwenyewe anawajua watu wake wote kwa majina. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania; kama uko Mombasa au Kampala, angalia za kwenu kabla ya kuandika chochote.

Uliza saa moja tu

Mwanzoni nilikosea kwa kuitisha kikao na kuuliza, "Nani anataka kubadilishiwa muda?" Wote kimya. Mtu anayeogopa kibarua chake hawezi kusimama mbele ya wenzake aseme maisha yake yamembana. Atakwambia, "Vyovyote dada, sisi tupo tu."

Kaa na mtu mmoja mmoja. Mimi nilitumia meza ya kukatia baada ya kazi, kama robo saa kwa kila mtu, siku nne mfululizo. Na usimuulize anataka kufanya kazi saa ngapi. Muulize hivi: katika wiki yako, ni saa ipi haisogezeki? Saa ambayo ukiikosa kuna kitu kinaharibika nyumbani. Karibu kila mtu anayo, na mara nyingi ni moja au mbili tu. Mama wa Mbagala alisema ni asubuhi, kumfikisha mtoto shule. Dada mmoja ni Msabato: Ijumaa jua likizama anatakiwa awe nyumbani, na Jumamosi hafanyi kazi. Mkataji wetu ana mama mzee anayesafishwa damu hospitalini mara 3 kwa wiki, kila mara masaa manne hivi kwenye mashine, na yeye ndiye anayempeleka.

Jambo ambalo ningependa ulishike sana: andika saa, usiandike sababu. Wengine watakusimulia wenyewe, wasikilize. Lakini kuna mtu ana kliniki yake ya kila mwezi na hataki ijulikane ni ya nini. Kuna mwingine anakimbia kufika nyumbani kabla ya mume. Ukifanya sababu kuwa ndiyo tiketi ya ruhusa, utawafundisha watu kudanganya, na wale wenye shida za kweli zisizosemeka ndio watakaokosa. Daftari langu lina jina, saa isiyosogezeka, na yale ambayo mtu yuko tayari kuyatoa upande wa pili. Basi.

Kisha angalia mashine

Hapa ndipo wengi wenye huruma wanapokwama. Wanakubali maombi yote, halafu Jumanne asubuhi hakuna wa kufungua mlango.

Kazi yetu ni mnyororo: kukata, kushona, ovaloki, matundu na vifungo, pasi, kufunga oda. Cherehani za kawaida zipo za kutosha, lakini ovaloki ni mbili tu. Kwa hiyo nilichora jedwali kwenye karatasi ya manila: juu nikaandika saa kuanzia 1 asubuhi hadi 1 jioni, pembeni nikaandika mashine, sikuandika watu. Kila kisanduku kinauliza: saa hii nani yuko kwenye ovaloki? Nani yuko mlangoni kupokea wateja? Nilishangaa kuona kwamba pasi haihitaji mtu kabisa kabla ya saa 4 asubuhi, maana hakuna nguo iliyokwisha. Miaka yote dada wa pasi alikuwa akidamka saa 10 alfajiri ili aje akae.

Ukishaliona jedwali lako, chagua masaa machache ambayo wote mnakuwepo. Yetu ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, isipokuwa mkataji siku za hospitali. Humo ndimo tunamoelezana mabadiliko ya oda, kugawana kazi na kurekebishana. Nje ya hapo mtu anaweza kusogea. Na weka kanuni hii moja kwa usalama: kufungua na kufunga, wasipungue watu wawili. Usimwache mtu peke yake na mashine za umeme na funguo giza likiingia.

Hesabu yenyewe

Ratiba yetu ya kawaida ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na lisaa limoja la chakula, Jumatatu hadi Ijumaa. Hayo ni masaa 40. Jumamosi ni saa 2 hadi saa 7 mchana, masaa matano. Jumla 45, ambacho ndicho kikomo cha wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyohiyo inasema siku isizidi masaa 9 ya kawaida na wiki isizidi siku 6.

Mama wa Mbagala alikuwa rahisi: siku za shule anaingia saa 3, anatoka saa 12 jioni. Dada Msabato naye hakunisumbua. Anaingia saa 1 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, siku tano. Toa lisaa la chakula, ni masaa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na Jumamosi yake iko salama. Nyumbani kwao ni Tandale, kwa hiyo hata mwezi wa sita, ambapo jua la Dar huzama kama saa 12 na robo, Ijumaa anafika mapema.

Aliyenifundisha hesabu ni mkataji. Mama yake anasafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Tukakubaliana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa afanye siku ndefu, saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Sheria inaruhusu siku ya hadi masaa 12, chakula kikiwa ndani yake, bila malipo ya ovataimu, ila kwa masharti: makubaliano yawe ya maandishi, siku zisizidi 5 kwa wiki, na masaa ya kawaida yasizidi 45. Hapo akapata masaa 33. Yakabaki 12, nikamwandikia Jumanne na Alhamisi saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Kwenye karatasi ilipendeza mno.

Halafu nikaona makosa mawili. Mtu akifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo, sheria inamtaka apumzike dakika 60, na mimi nilimpangia sita bila pumziko. La pili ni kubwa zaidi: akitoka saa 2 usiku na kurudi saa 1 asubuhi, amepumzika masaa 11, na sheria inataka 12 mfululizo kati ya siku na siku. Huyu ni mtu anayeshika kisu cha umeme kinachopita kwenye tabaka nyingi za kitambaa kwa mpigo. Yale masaa 12 yamewekwa kwa ajili ya vidole vyake.

Tukarekebisha, Jumanne na Alhamisi akawa anatoka saa 1 jioni. Jumla ikawa masaa 43 na mshahara nikauacha ulivyo. Yale mawili nimeyasamehe na sijayajutia, maana hajakosa siku hata moja tangu tuanze. Pia tulikubaliana kwamba zile siku ndefu, baada ya saa 10 alasiri hakati tena. Anachora pateni na kupanga vipande vya kesho. Uchovu hauonekani usoni, unaonekana kwenye mstari wa kukata.

Kama una mtu anayenyonyesha, ratiba yake usiihesabu kama fadhila. Baada ya likizo ya uzazi ya siku 84, mwajiri anatakiwa amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Kazi yako ni kumuuliza ayatumie vipi. Wa kwetu anakaa jirani, akachagua kutoka mara mbili, lisaa limoja kila mara, na mashine yake inashikwa na mwenzake. Mwingine anayekaa mbali atapenda kuwahi kuondoka. Mwache achague.

Ramadhani nayo huja mapema kila mwaka kwa siku 10 au 11, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana usiinakili. Waliofunga kwetu huingia saa 1 baada ya daku na alfajiri, hutoka saa 10, na pumziko la mchana linabaki palepale kwa ajili ya swala na kunyoosha mgongo. Ijumaa za mwaka mzima, pumziko lao linaanza saa 6 na nusu na linafika saa 8.

Yule asiye na mtoto

Wiki ya pili ya ratiba mpya, fundi kijana alinijia amekunja uso. "Dada, mimi sina mtoto wala mgonjwa. Ndiyo niwe wa kubaki kila jioni?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimewapangia wenye familia kwanza, kisha nikamrushia yeye masaa yaliyobaki kama makombo.

Nikarudi naye kwenye meza. Kumbe alikuwa anataka kujifunza udereva, na mafunzo ni asubuhi. Sasa anaingia saa 4 na kutoka saa 1 jioni, anafunga mlango pamoja na mkataji. Yaani anabaki jioni zaidi kuliko alivyokuwa akibaki zamani, na halalamiki. Kwa hiyo ukipanga, mwite kila mtu, hata yule unayedhani maisha yake ni mepesi. Usiwapange kwa uzito wa matatizo yao.

Kuna pia pa kukataa. Mpokea wateja wetu aliomba asije Jumamosi kabisa. Jumamosi ndiyo siku wazazi wanakuja kupimisha watoto sare. Nilimwambia hapana siku hiyohiyo, nikamwonyesha jedwali, nikampa nilichonacho: Jumamosi moja anakuja, inayofuata anashikiwa na dada wa pasi, na anayekuja Jumamosi anatoka mapema Jumatatu. Hakufurahi sana, lakini alielewa. Hapana iliyo wazi inavumilika kuliko "tutaangalia" ya miezi miwili.

Andika, jaribu, kaa tena

Makubaliano ya mdomo ndiyo mama wa majungu. Ya kwetu ni ukurasa mmoja kwa kila mtu: anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi kila siku, jumla ya wiki, inaanza lini, inaisha lini. Tunasaini wawili, kila mmoja anabaki na nakala. Jedwali la wote linabandikwa ukutani karibu na mita ya umeme ya Luku, ili mwenzako akikuona unatoka saa 10 ajue unatoka kwa haki. Ukutani tunaandika saa tu.

Jaribu wiki nne, kisha kaeni. Mimi huangalia vitu vitatu: oda zilizochelewa, nguo zilizorudishwa kwa ushonaji mbaya, na siku ambazo mtu hakutokea. Masaa ya mtu kuonekana kwenye kiti siyahesabu tena. Wanaolipwa kwa kipande ni rahisi zaidi, ila usiwanyime kazi nzuri kwa sababu wanaingia kwa kuchelewa. Niliwahi kufanya hivyo bila kukusudia: mashati mepesi, yale yanayokwenda haraka, yalikuwa yakiisha kabla ya saa 3. Sasa vipande vinagawiwa saa 4, wote tukiwepo.

Simu nayo. Mtu akishatoka, ametoka. Kundi letu la WhatsApp halitumiki kumwita fundi arudi, hata umeme ukirudi saa 12 jioni baada ya kukatika mchana kutwa. Tulishaandika kwamba umeme ukikatika zaidi ya lisaa, anayeweza kufidia jioni anafidia kwa hiari, wengine wanafidia wiki hiyo kwa siku wanayoitaja wao.

Desemba na Januari ndiyo vita yetu, shule zinafunguliwa. Usisubiri vita ianze ndipo uvunje ratiba za watu. Oktoba nawauliza nani anaweza ovataimu, wiki zipi, jioni zipi. Kikomo cha sheria ni masaa 50 ndani ya wiki nne, kwa malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya kawaida, na kazi ya baada ya saa 2 usiku ina nyongeza ya usiku isiyopungua asilimia 5. Mkataji sitamgusa Jumanne wala Alhamisi asubuhi, hata oda iwe kubwa kiasi gani, na hilo wateja wakubwa tunawaambia mapema.

Ratiba iliyo ukutani sasa inaisha muda wake tarehe 30 Novemba. Kabla ya hapo nitakaa tena na wote mezani, na nitaanza na fundi wetu wa sasa wa ovaloki. Mtoto wake anaanza chekechea Januari.