Umeungua kwa Moto wa Uzembe: Jinsi ya Kudai Fidia, Hatua kwa Hatua

Ushahidi wa moto hupotea ndani ya siku chache, ilhali madhara ya kuungua huweza kuchukua miaka kabla ya kujionyesha yote. Wateja wengi wanaonijia wakiwa wamechelewa huwa wamefanya kinyume cha inavyotakiwa: wameacha ushahidi ufagiliwe pamoja na majivu, kisha wakaharakisha kutia sahihi karatasi ya malipo wakati vidonda bado vina bandeji. Mwongozo huu unaeleza yapi ya kufanya mapema, yapi ya kusubiri, na njia za kisheria zilizopo kati ya hayo mawili. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo masuala ya muda na viwango yathibitishe kwa wakili wa mahali moto ulipotokea. Misingi ninayoieleza hapa inapatikana katika mifumo mingi ya sheria.

Hatua ya 1: Tibiwa, na matibabu yaache kumbukumbu

Aliyevuta moshi ndani ya chumba kilichofungwa aombe damu yake ipimwe kiwango cha kaboni monoksaidi mara tu anapofika hospitali. Kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida, kiwango hicho hupungua kwa nusu katika muda wa saa 4 hadi 6 hivi, na akiwekewa oksijeni hushuka kwa kasi zaidi. Kipimo kikichukuliwa kesho yake huenda kisionyeshe chochote, na upande wa pili utasema kwamba maumivu ya kichwa na kusahausahau kunakomsumbua mgonjwa hakuhusiani na moto hata kidogo.

Kwa majeraha ya ngozi, mwombe daktari aandike kina cha kila jeraha na asilimia ya mwili iliyoungua. Kwa mtu mzima madaktari hutumia kanuni ya tisa: kichwa na shingo ni asilimia 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kiwiliwili upande wa mbele 18, mgongo 18, na sehemu za siri 1. Faili linalosema kwamba mgonjwa "ameungua vibaya" halimpi hakimu kitu cha kushika, lakini linalosema kwamba ameungua asilimia 27, yaani mguu wote wa kulia na mkono wote wa kulia, linampa. Ndugu wa mgonjwa naye apige picha kila bandeji inapobadilishwa, akiweka rula kando ya kidonda, na kila picha iwe na tarehe.

Hatua ya 2: Zuia eneo la moto lisiguswe

Hapa ndipo kesi nyingi hupatia au kupoteza nguvu. Mwenye jengo ana sababu nzuri za kutaka kusafisha haraka, na mara nyingi hana nia mbaya. Hata hivyo kifusi kikishazolewa hakirudi. Ndani ya siku za mwanzo, wewe au wakili wako mwandikie kila anayeweza kuhusika barua ya kumtaka ahifadhi ushahidi, na uhakikishe unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Barua hiyo ina uzito kwa sababu katika mifumo mingi mahakama inaweza kuchukulia kwamba aliyeharibu kielelezo baada ya kuonywa alijua kitamwumiza.

Barua itaje vitu kwa majina, kwani ombi la jumla la "kuhifadhi ushahidi wote" ni rahisi kupuuzwa. Taja swichi kuu na nyaya za chumba ambacho moto ulianzia, mtungi wa gesi pamoja na mpira wake, mabaki ya jiko au kifaa chochote kilichokuwa kimechomekwa, vitambua moshi, vizima moto na kadi zake za ukaguzi, pamoja na daftari la matengenezo. Taja pia picha za kamera za ulinzi, kwa sababu mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Na kama mlango wa dharura ulikutwa na kufuli, taja kufuli lenyewe, lipigwe picha likiwa bado mlangoni kabla mtu hajalikata.

Pale inapowezekana, mtafute mtaalamu wa uchunguzi wa moto aliye huru aingie eneo hilo mapema. Mtaalamu huyo husoma alama ukutani, ambazo mara nyingi huwa na umbo la herufi V linaloelekeza chini kwenye chanzo, na huchunguza nyaya. Waya wa shaba uliopigwa shoti huacha shanga ndogo ya mviringo kwenye ncha, yenye mpaka dhahiri kati ya sehemu iliyoyeyuka na isiyoyeyuka, ilhali waya ulioyeyushwa na joto la moto wenyewe hunepa na kunenepa hapa na pale bila mpaka huo. Lakini shanga peke yake haithibitishi kwamba umeme ndio uliowasha moto. Inaonyesha tu kwamba waya ulikuwa na umeme pale moto ulipoufikia, na mtaalamu anayekimbilia kusema "ni hitilafu ya umeme" kwa sababu ya shanga moja atavuliwa nguo mahakamani na wakili wa upande wa pili. Mwulize kama anafuata utaratibu unaotambulika, kama vile mwongozo wa Marekani wa NFPA 921, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992 na unaomtaka mchunguzi apime kila dhana dhidi ya ushahidi kabla ya kutaja chanzo.

Nguo ulizovaa siku ile usizifue. Iwapo kuna shaka kwamba petroli au mafuta ya taa yalihusika, ziwekwe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko unaobana au chupa ya kioo, kwa kuwa mfuko wa kawaida wa plastiki hupitisha mvuke na maabara haitapata kitu. Ripoti ya zimamoto nayo iombwe kwa maandishi. Ni muhimu, lakini isichukuliwe kuwa neno la mwisho, kwa sababu kazi ya kwanza ya kikosi kile ilikuwa kuzima moto.

Hatua ya 3: Tambua ni nani aliyekuwa na wajibu

Ili kuthibitisha uzembe, mdai huonyesha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba alikiuka wajibu huo, kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. Katika kesi za moto jambo la tatu ndilo gumu, na lina sura mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna aliyesababisha moto uwake, na kuna aliyesababisha moto uliokwisha kuwaka ukuunguze. Mwenye jengo anaweza asihusike kabisa na cheche ya kwanza, lakini akawajibika kwa sababu kengele ya moto haikulia au njia ya kutokea ilijazwa maboksi.

Kwa hiyo usisimame kwa mdaiwa wa kwanza anayekujia kichwani, ambaye mara nyingi ndiye mwenye pesa kidogo kuliko wote. Mfano bora ni moto wa ukumbi wa Station huko Rhode Island, Marekani, wa tarehe 20 Februari 2003. Fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti, na watu 100 wakafa. Fidia ya takriban dola milioni 176 iliyopatikana baadaye ilichangwa na wadaiwa kwa makumi, wakiwemo watengenezaji wa sponji na hata mmiliki wa kituo cha televisheni ambacho mpiga picha wake alidaiwa kuziba njia ya kutokea. Lau waathirika wangewadai wenye ukumbi na bendi pekee, wangeambulia sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Jiulize basi: nani alimiliki jengo, nani alilisimamia, nani alifunga nyaya, nani alitengeneza au kuuza kifaa kilichowaka, nani alijaza gesi, na nani alipaswa kukagua? Tarajia pia kwamba utaulizwa wewe ulifanya nini. Kama ulirudi ndani kuchukua mali, au uliunganisha vifaa vingi kwenye soketi moja, mahakama nyingi zitapunguza fidia kwa kadiri ya mchango wako, ingawa zipo chache ambako uzembe wako unaweza kufuta madai yote. Mwambie wakili wako ukweli huo mapema, kwa sababu upande wa pili utaujua tu.

Hatua ya 4: Chagua njia, au njia zaidi ya moja

Kesi ya madai ya uzembe ndiyo njia ya kawaida, na humtaka mdai athibitishe kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa kuliko ya mdaiwa. Kama chanzo ni bidhaa mbovu, nchi nyingi zina sheria inayombana mtengenezaji hata bila kuthibitisha uzembe, mradi ionyeshwe kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro na kasoro hiyo ndiyo iliyokuumiza.

Aliyeungua akiwa kazini kwa kawaida huingia kwenye mfuko au bima ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo hulipa bila kuuliza nani alikosea, lakini hulipa kiasi kilichopangwa na mara nyingi humzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapojipunja. Kizuizi hicho kwa kawaida humlinda mwajiri tu, na hakimgusi mtengenezaji wa mashine, mkandarasi wa umeme wala mwenye jengo.

Kesi ya jinai iko mikononi mwa serikali na huhitaji uthibitisho usioacha shaka ya msingi. Mshtakiwa akiachiwa, mlango wa madai haufungwi. Baada ya moto wa kiwanda cha Triangle jijini New York tarehe 25 Machi 1911, uliowaua watu 146, wengi wao wanawake vijana waliokuta mlango umefungwa kwa ufunguo, wenye kiwanda waliachiwa katika kesi ya jinai mwezi Desemba mwaka huohuo, lakini baadaye walilipa katika madai. Kwamba walilipa dola 75 tu kwa kila marehemu ni aibu ya aina yake.

Hatua ya 5: Hesabu muda wa ukomo tangu siku ya moto

Kila nchi ina ukomo wa kufungua madai. Uingereza ni miaka 3 kwa majeraha ya mwili, ilhali katika majimbo ya Tennessee na Kentucky nchini Marekani kwa kawaida ni mwaka 1. Madai dhidi ya taasisi ya serikali huweza kuhitaji notisi ndani ya miezi michache tu. Kwa watoto, sehemu nyingi huanza kuhesabu wanapofikia utu uzima, lakini ushahidi haungoji mtoto akue.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kungoja tume ya uchunguzi imalize kazi. Jengo la Grenfell jijini London liliungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, na ripoti ya mwisho ya tume ilitoka Septemba 2024. Aliyeamua kuisubiri kabla ya kufungua madai angekuwa amepitwa na ukomo kwa zaidi ya miaka 4. Walioanza mapema walifikia makubaliano mwaka 2023, kabla hata ya ripoti hiyo.

Hatua ya 6: Usikubali malipo kabla kovu halijakomaa

Kovu la kuungua huchukua takriban mwaka 1 hadi 2 kukomaa, na katika muda huo huweza kukaza kiwiko, shingo au vidole mpaka upasuaji mwingine uhitajike. Mtoto yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa mwili unakua na kovu halikui kwa kasi hiyo, hivyo huenda akarudi chumba cha upasuaji mara kadhaa hadi amalize kukua. Mavazi ya kubana makovu huvaliwa takriban saa 23 kwa siku kwa miezi mingi, na hubadilishwa yanapolegea. Yote hayo ni gharama.

Jambo linalosahaulika ni jasho. Ngozi iliyopandikizwa haitoi jasho ipasavyo, na aliyepandikizwa sehemu kubwa ya mwili hushindwa kustahimili joto. Fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mkono wake unafunga na kufunguka vizuri anaweza, kwa sababu hiyo, asirudi tena kwenye kazi yake, na bila daktari kuliandika hilo mdaiwa ataonyesha mkono na kusema amepona. Ongeza kipato kilichopotea na kitakachopotea, muda wa ndugu anayemhudumia, maumivu, mabadiliko ya sura, na majinamizi na hofu yaliyothibitishwa na mtaalamu wa afya ya akili.

Wakala wa bima atakapofika na hundi na fomu yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho", jua kwamba sahihi yako hapo kwa kawaida hufuta madai yote, pamoja na upasuaji ambao bado haujajulikana. Usikubali pia kurekodiwa maelezo ukiwa bado kwenye dawa za maumivu. Kama hali ni ngumu, omba malipo ya awali yanayotamkwa kwa maandishi kuwa hayaondoi madai mengine. Mahakama za baadhi ya nchi zinaweza kuyaamuru.

Hatua ya 7: Kutoka barua ya madai hadi pesa mkononi

Wakili huandika barua ya madai yenye maelezo ya uzembe, ripoti za kitabibu na hesabu ya hasara. Madai mengi huishia kwenye mazungumzo au upatanishi, lakini kuifungua kesi kuna faida yake, kwa sababu mdaiwa hulazimika kutoa nyaraka kama vile ripoti za ukaguzi alizopuuza. Ada ya wakili ikubalianwe kwa maandishi. Malipo ya asilimia ya fidia huruhusiwa mahali pengine na kukatazwa kwingine.

Suluhu kwa mtoto huhitaji idhini ya mahakama katika nchi nyingi. Kabla ya kutia sahihi, uliza nani mwingine ana haki ya kukatwa kwenye fidia hiyo: hospitali inayodai, bima ya afya iliyolipia upasuaji, na mfuko wa wafanyakazi. Mkataba utaje ni nani atakayelipa kila deni na kwa tarehe gani, la sivyo madeni hayo yatakufuata wewe baada ya mdaiwa kumaliza sehemu yake.